Marburg: Ugonjwa Unaowakuta Watu Kazini



Karibu kila mkutano wa tawi tunaofika, iwe kwenye mashamba ya chai, viwandani hapa Kigali au kwenye mashimo ya madini, swali moja halikosi kuulizwa: "Ule ugonjwa wa Marburg wa mwaka 2024 ulitoka wapi, na kwa nini una jina la Kizungu?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuutaja ni kuuita. Wako wanaosema ulitengenezwa na watu wabaya. Wako wanaosema ni uchawi. Na wako waliokwisha kuusahau kabisa, kwa sababu hospitali zilifunguliwa, matanga yakarudi kama zamani, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Sisi si madaktari. Wengi wetu tulimaliza shule ya msingi tukashika beleshi. Lakini tumewauliza wanaojua, tumesoma, na tumeona jambo moja linalotuhusu sana sisi wa chama. Ukifuata safari ya ugonjwa huu tangu siku ulipojulikana, utaona kwamba mara nyingi aliyekamatwa kwanza ni mtu aliyekuwa kazini: kiwandani, mgodini, hospitalini. Kwa hiyo tunaandika habari hii ili mwanachama ajue, naye amweleze mwenzake.

MJI WA MARBURG NA KIWANDA CHAKE

Marburg ni jina la mji. Ni mji wa kale nchini Ujerumani, kando ya mto uitwao Lahn, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1527. Katika chuo hicho alifundisha daktari mashuhuri aliyeitwa Emil von Behring, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1917. Huyu ndiye mtu wa kwanza duniani kupewa tuzo ya Nobel ya utabibu, mwaka 1901. Alionyesha kwamba mnyama akishapata kinga ya ugonjwa fulani, maji ya damu yake yanaweza kumsaidia mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Hivyo watoto wengi waliokuwa wakifa kwa dondakoo waliokolewa. Mwaka 1890, yeye na mwenzake Mjapani, Kitasato Shibasaburo, walikuwa wameonyesha kwamba njia hiyo hiyo inafaa kwa pepopunda. Basi mfanyakazi aliyekanyaga msumari akachomwa sindano ya kumkinga na pepopunda, ajue kwamba kazi ya watu hawa imemfikia yeye mwenyewe.

Mwaka 1904 Behring alianzisha kiwanda cha dawa mjini Marburg. Kiwanda kiliendelea baada ya kifo chake, na katika miaka ya 1960 kilikuwa kikitengeneza chanjo ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Ili kupata chanjo hiyo walihitaji seli za figo za tumbili, na tumbili hao waliletwa kwa ndege kutoka Uganda.

Mwezi wa Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda hicho walianza kuugua. Homa ilipanda ghafla, kichwa kikauma vibaya, wakatapika na kuhara, na baadhi yao wakatoka damu. Wakati huo huo watu wa maabara ya Frankfurt, na ya Belgrade katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, waliugua vivyo hivyo. Wao pia walikuwa wamepokea tumbili kutoka Uganda. Kwa jumla waliugua watu 31, na 7 kati yao walikufa. Watu 25 waliambukizwa kwa kushughulika na tumbili: walikuwa wamegusa damu yao, viungo vyao au zile seli za figo. Wengine 6 waliambukizwa na wagonjwa. Kabla ya miezi mitatu kwisha, wataalamu walikuwa wamekipata kijidudu kilichosababisha ugonjwa. Ni kijidudu kidogo mno cha aina iitwayo virusi, ambacho hakionekani kwa darubini ya kawaida. Wakakipa jina la mji ule.

Basi hiyo ndiyo sababu ya jina la Kizungu. Ugonjwa wenyewe una asili yake huku kwetu Afrika, lakini waliokuwa wa kwanza kuugua na kuandikwa vitabuni walikuwa wafanyakazi wa kiwanda Ulaya, watu waliokuwa wakitengeneza chanjo ya kuwakinga watoto wa wengine.

KIWANDA CHA SUKARI, PANGO, NA DAKTARI WA NAIROBI

Mwaka 1975 ugonjwa ulionekana Johannesburg. Kijana msafiri aliyekuwa amepita nchi inayoitwa leo Zimbabwe aliugua akafa, na mwenzake wa safari na nesi aliyewauguza wakaambukizwa. Hao wawili walipona.

Mwaka 1980 ilikuwa zamu ya Kenya. Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari magharibi mwa nchi hiyo alikuwa amekwenda kutembea katika pango la Kitum, kwenye mlima Elgon. Pango hilo ni maarufu kwa sababu tembo huingia ndani yake usiku kuchokoa chumvi ukutani kwa pembe zao. Lakini ndani mna popo pia. Mtu yule aliugua, akapelekwa Nairobi, akafa.

Daktari aliyejitahidi kumwokoa aliitwa Shem Musoke. Siku chache baadaye daktari huyo naye alishikwa na ugonjwa, akawa mahututi, lakini kwa bahati alipona. Virusi vilivyotolewa katika damu yake vilihifadhiwa, na mpaka leo wataalamu katika nchi mbalimbali wanaviita kwa jina lake, Musoke, wanapotafuta chanjo na dawa. Tunataka wenzetu walikumbuke jina hili. Ni mtu aliyeumia akiwa kazini, na maumivu yake yakawa faida kwa watu wengi ambao hatawaona kamwe.

MASHIMO YA DHAHABU

Habari inayotugusa zaidi sisi wenye wanachama migodini ni ile ya Durba na Watsa, kaskazini mashariki mwa Kongo. Huko kuna dhahabu. Toka mwaka 1998 hadi mwaka 2000 waliugua watu 154, na 128 kati yao walikufa. Fanya hesabu: katika kila watu 100 walioshikwa, 83 walizikwa.

Wengi walioshikwa mwanzoni walikuwa vijana waliokuwa wakichimba dhahabu ndani ya shimo la Goroumbwa bila kibali na bila vifaa vya kujikinga. Wataalamu walipovichunguza virusi vya Durba waliona kwamba havikuwa vya ukoo mmoja. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa ukitoka shimoni mara kwa mara. Leo huyu anaingia, anatoka nao na kuupeleka nyumbani. Mwezi ujao mwingine anafanya hivyo hivyo. Shimo lile lilipojaa maji na watu wakashindwa kuingia, ugonjwa ulikoma.

Miaka michache baadaye, mwaka 2004 na 2005, ugonjwa ulizuka Uige nchini Angola, ukaua watu zaidi ya 200. Huko uliingia hospitalini, ukawamaliza manesi na madaktari pamoja na wagonjwa.

Mwaka 2007 wachimba madini wanne waliugua katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Safari hii wataalamu waliingia mgodini wenyewe wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga. Walikuta popo zaidi ya 100,000. Wakawakamata baadhi yao, wakawapima, na ndani ya popo waliokuwa wazima kabisa wakavikuta virusi vya Marburg vilivyo hai. Mambo hayo yalitangazwa mwaka 2009. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mwenyeji wa ugonjwa huu ni popo, na kwamba hata wale tumbili wa mwaka 1967 walikuwa wameambukizwa kama tulivyoambukizwa sisi.

JE, TUWAUE POPO WOTE?

Hili tumeulizwa mara nyingi. Jibu ni hapana, na tuna ushahidi.

Kwanza, si kila popo ana ugonjwa huu. Anayehusika hasa ni popo mkubwa kiasi anayekula matunda na kulala mapangoni na kwenye mahandaki ya migodi, wakiwa makundi kwa makundi. Popo wadogo wanaokula mbu na wadudu ni wengine.

Pili, popo wana kazi yao. Wale wa matunda hutawanya mbegu na kusaidia maua kuzaa. Wakiondoka, shamba na msitu vitapata hasara.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jambo hilo lilikwisha kufanyika Kitaka. Watu waliwaua na kuwafukuza popo wote wa mgodi ule. Baada ya miaka michache popo wengine wakarudi. Walipopimwa ilionekana kwamba wenye virusi wamekuwa wengi kuliko zamani: zamani walikuwa kama 5 katika kila popo 100, sasa wakawa kama 13. Na mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena kwa watu katika sehemu hizo hizo. Kwa hiyo mtu anayekwenda na moshi au marungu kuwaua popo anajiingiza mwenyewe kwenye mkojo, mavi na damu yao, na mwisho wake anauongeza ugonjwa. Dawa ni kukaa mbali na makazi yao, na kama kazi inamlazimu mtu kupita hapo, apite akiwa amevaa vifaa vya kumkinga.

KIGALI, SEPTEMBA 2024

Sasa tufike nyumbani. Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Majirani walikuwa wamekwisha kuonja: mwaka 2023 ulikuwa umezuka upande wa Bukoba, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ukaua watu 6.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa na kazi kwenye machimbo ya madini, mahali penye popo wa matunda. Wataalamu wetu walipovisoma virusi vya wagonjwa waliona kwamba ugonjwa ulitoka kwa popo kuja kwa watu mara moja tu. Tofauti na Durba, hapa mlango ulifunguka mara moja. Wote waliofuata waliambukizana mtu kwa mtu.

Na waliofuata walikuwa akina nani? Waliougua kwa jumla walikuwa watu 66, na karibu 80 katika kila 100 walikuwa wafanyakazi wa afya, hasa wa hospitali mbili kubwa za hapa Kigali. Wakati mtu anaposhikwa na homa, ugonjwa huu unafanana sana na malaria. Nesi anampangusa jasho, anamchoma sindano, anabadilisha shuka lenye matapishi, naye hajui bado anashika nini. Anapokuja kujua, tayari amekwisha kuambukizwa. Tena tunaposema wafanyakazi wa afya tusiwafikirie madaktari peke yao. Katika hospitali yo yote yuko anayepiga deki, anayefua mashuka, anayesukuma kitanda na anayebeba maiti. Damu haichagui cheo.

Watu 15 walikufa. Hao ni wenzetu. Watu 51 walipona. Ukipiga hesabu utaona waliokufa ni kama 23 katika kila 100. Ulinganishe na 83 za Durba.

Kwa nini Kigali walipona wengi? Sababu ziko kadhaa. Ugonjwa ulitangazwa wazi mapema, chini ya Waziri wa Afya Dk. Sabin Nsanzimana, na haukufichwa. Watu waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja wakafuatiliwa kwa siku 21. Wagonjwa waliwekwa mahali pao, wakapewa maji ya mshipani, na waliozidiwa wakawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine hiyo walipata nafuu wakaondolewa, jambo ambalo mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros, alisema halijapata kutokea Afrika kwa ugonjwa huu. Wakati huo hapakuwa na dawa wala chanjo iliyokwisha kuidhinishwa, lakini zilizokuwa za majaribio ziliombwa na kuletwa upesi. Chanjo ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baada ya tangazo, na waliochanjwa walizidi 1,700, kwanza wafanyakazi wa afya.

Raia nao walikubali masharti magumu. Hapakuwa na kutembelea wagonjwa hospitalini. Maziko ya aliyekufa kwa Marburg hayakuruhusiwa kuzidi watu 50. Kwa sisi Wanyarwanda, ambao huona haya kumwacha mfiwa peke yake, hilo lilikuwa zito. Hata hivyo lilifuatwa. Tarehe 20 Desemba 2024 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Watu waliuliza kwa nini tulingojea siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho. Ni kwa sababu virusi huweza kujificha mwilini mpaka siku 21 kabla ya dalili kutokea, basi huhesabiwa 21 mara mbili ili kuwa na hakika.

Lakini tusijidanganye kwamba tumeuaga. Mwezi wa Januari 2025 ulizuka tena Kagera, sehemu za Biharamulo, si mbali na mpaka wetu. Waliougua walikuwa 10, na wote 10 walikufa.

UNAINGIAJE, NA UNAONEKANAJE?

Ugonjwa huu hausafiri kwa hewa kama mafua. Unaingia mwilini kwa kugusa damu, matapishi, mavi, mkojo, mate, jasho au manii ya mgonjwa au ya aliyekufa, au kwa kugusa nguo na shuka zenye uchafu huo. Virusi hupitia kwenye mchubuko wa ngozi, macho, pua au mdomo. Sindano iliyokwisha kutumika ni hatari kupita zote. Mtu ambaye bado hajaonyesha dalili haambukizi wengine. Mwanaume aliyepona anaweza kukaa na virusi katika manii kwa muda, kwa hiyo afuate maagizo ya daktari nyumbani kwake.

Dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 21. Huja ghafla: homa kali, kichwa kuuma sana, viungo kuuma, mwili kukosa nguvu kabisa. Kama siku ya tatu huja kuhara, maumivu ya tumbo na kutapika. Wengine, kuanzia siku ya tano hivi, hutoka damu puani, kwenye fizi au kwenye choo. Usingoje damu. Wagonjwa wengi huwa hawatoki damu mwanzoni, na anayefika mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona.

Watu huuliza pia kama Marburg na Ebola ni kitu kimoja. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini si kitu kimoja. Ebola ilijulikana mwaka 1976 huko Yambuku nchini Kongo, na jina lake ni la mto. Namna ya kujikinga ni ile ile kwa yote mawili.

MAMBO TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Sasa tuseme ya kwetu. Katika siku zile za mwaka 2024 tulifika kwenye machimbo fulani, hatutayataja jina. Tuliwakuta vijana watatu wakitumia jozi moja ya glavu kwa zamu: anayepiga sururu anavaa, akichoka anamvua na kumpa mwenzake. Chakula walikuwa wakilia ndani ya handaki, kwa sababu kutoka nje na kurudi kunakula muda na malipo yao ni kwa kilo. Maji ya kunawa hayakuwapo. Tulimwuliza kapita, akajibu kwamba vifaa vimeagizwa. Tangu lini? Hakuwa na jibu.

Katika machimbo hayo hayo tulielezwa habari za kibarua mmoja aliyekuwa na homa akaificha siku tatu. Alikuwa anaogopa kwamba akisema atafukuzwa siku 21, na watoto wake wale nini? Alipozidiwa wenzake ndio waliombeba, kwa mikono mitupu. Alipimwa, ikaonekana ni malaria. Tulimshukuru Mungu. Lakini tulijiuliza njia nzima tukirudi mjini: na kama isingekuwa malaria?

Mama mmoja mwanachama wetu, anayesafisha wodi, alituambia kwamba majirani walikuwa wanaondoka bombani akifika kuchota maji, na mwenye nyumba alimtaka ahame. Mama huyu alikuwa mzima. Kosa lake lilikuwa ni kuvaa sare ya hospitali. Ndugu zetu, tukiwafanyia hivi watu wanaotuuguza, mara nyingine watakaoficha ugonjwa watakuwa wengi zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayemtisha mgonjwa naye ana sehemu yake katika kifo hicho.

TUFANYE NINI?

Kwa mfanyakazi mwenyewe tunasema haya:

1. Usiingie pango au shimo lililoachwa lenye popo. Kama kazi iko hapo, vaa mabuti, glavu, nguo ya mikono mirefu na kitu cha kufunika mdomo na pua.

2. Usile wala kuvuta sigara ndani ya handaki. Toka nje, nawa kwa sabuni, ndipo ule. Tunda lililotafunwa na popo usiliokote.

3. Ukishikwa na homa nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umweleze mganga kazi unayofanya. Neno "nafanya kazi mgodini" au "nauguza wagonjwa" linaweza kumfumbua macho kuliko mambo mengine yote utakayomwambia. Ukishindwa kutembea, mwite mjumbe wa afya wa mudugudu, au piga simu namba 114.

4. Usimbebe mgonjwa anayetapika au kutoka damu kwa mikono mitupu, wala usioshe maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ngoja wenye vifaa.

5. Lipia mituweli yako kwa wakati, ili siku ya homa usianze kutafuta pesa.

Kwa mwajiri tuna maneno pia. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inataja wazi afya na usalama mahali pa kazi. Vifaa vya kujikinga si zawadi ya mwajiri, na havipaswi kukatwa kwenye mshahara. Tena mwajiri hulipia mfuko wa RSSB fungu la ajali na magonjwa ya kazini. Basi mfanyakazi asiyeandikishwa, anayefanya kazi kama kibarua wa kutwa miaka nenda rudi, akiugua kazini anabaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo kila tawi lidai mambo manne: jozi ya glavu na mabuti kwa kila mtu, maji na sabuni mdomoni mwa shimo na mlangoni mwa kiwanda, kila mfanyakazi aandikishwe RSSB, na mtu anayewekwa kando kwa amri ya daktari asikose malipo yake. Hili la nne ndilo kubwa. Mtu mwenye uhakika wa chakula cha watoto hana sababu ya kuficha homa.

Wajumbe wa kamati za usalama kazini, kazi hii ni yenu. Msingoje ugonjwa utangazwe redioni ndipo mhesabu glavu. Zihesabuni mwezi huu. Andikeni zilizopo, andikeni zinazokosekana, mtie sahihi, mmpe mwajiri nakala moja na nyingine mtuletee ofisini. Mahali ambapo mwajiri ametimiza wajibu wake tuambieni pia, ili tupataje kwenye ukurasa huu na wengine waige.

Wazee wetu husema kwa Kinyarwanda, amagara araseseka ntayorwa, yaani uhai ukimwagika hauzoleki. Wenzetu 15 wa mwaka 2024 hatuwezi kuwarudisha. Wafanyakazi wa Marburg, wachimbaji wa Durba na manesi wa Uige hatuwezi kuwarudisha. Tunachoweza ni kutoka kwenye mkutano ujao tukiwa tumepata jibu la swali moja dogo: hapa kwetu, glavu ziko ngapi, na watu tuko wangapi?

Umoja ni nguvu.